Kabla ya kumlaumu mbwa mwitu, kagueni mzoga

Ndugu Mhariri,

Mbuzi wakiuawa karibu na hifadhi, mara nyingi huandikwa kwamba mbwa mwitu wamevamia zizi, na picha inayowekwa ni ya fisi, au ya mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambaye hayupo kabisa Tanzania. Kosa hili lina madhara. Mfugaji mwenye hasira hutega nyama yenye sumu, ikaua tumbusi, mbwa wa jirani na wanyama wasiohusika, huku mlaji halisi akirudi usiku unaofuata.

Fisi si wa jamii ya mbwa. Kinasaba yuko karibu zaidi na nguchiro na paka. Mbwa mwitu wa Afrika mnamtambua kwa masikio makubwa ya duara, mabaka meusi, ya manjano na meupe, na ncha nyeupe ya mkia. Miguu yake ya mbele ina vidole vinne tu. Hana kile kidole cha juu alicho nacho mbwa wa nyumbani. Hifadhi za Ruaha na Nyerere ni ngome zake kubwa.

Bweha tunao wa aina tatu. Mgongo-mweusi ana tandiko jeusi lenye nywele za fedha. Miraba ana mstari mweupe ubavuni na ncha ya mkia nyeupe. Wa tatu ni yule wa rangi ya mchanga wa Serengeti na Ngorongoro, aliyezoeleka kuitwa bweha dhahabu. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa ni spishi tofauti na bweha dhahabu wa Asia, naye yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu. Wale wawili wa kwanza wako mbali na ukoo huo kuliko hata mbwa mwitu wa Afrika. Bweha masikio, ambaye si mmoja wa hao watatu, hula hasa mchwa. Kumuua kwa ajili ya mbuzi ni kumwonea.

Kwenye mzoga, chuneni kwanza ngozi ya shingo. Damu iliyovilia chini ya alama za meno inaonyesha mnyama aling'atwa akiwa hai. Isipokuwepo, huenda alikufa kwa ugonjwa, bweha akaja kula tu. Mifupa mikubwa iliyosagwa na kinyesi cheupe ni kazi ya fisi. Mbwa mwitu huwinda kwa kundi, asubuhi na jioni, na hupasua tumbo. Fanyeni hivyo mapema, kabla ng'ombe hawajakanyaga nyayo.

Jambo moja halingoji utambuzi: bweha anayeingia kijijini bila woga, anadondosha mate na kung'ata chochote, huenda ana kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi chanjo hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo.

Gazeti lako lichapishe picha ya mnyama sahihi, au lisiweke picha mpaka ofisa wanyamapori athibitishe.

Msomaji wako,
Iringa