"Kidogo" ya mwezi wa nane ina gramu ngapi?

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Huku Kilimanjaro, na tunaamini hata kwingineko, wajawazito wengi wanaambiwa na watu wanaowapenda kwamba mimba ikishavuka miezi saba mtoto ameshaumbika, kwa hiyo kata moja ya mbege au bia moja ya jioni haina neno. Mama mkwe anasema hivyo, shoga anasema hivyo, na mume anamimina. Hakuna anayemtakia mama mabaya, ndiyo maana ushauri huu unashika kuliko wa kliniki. Lakini una kosa, na kosa lenyewe liko kwenye hilo neno "ameshaumbika".

Ni kweli kwamba sura, mikono, miguu na moyo huumbika mapema, katika miezi mitatu ya kwanza. Ubongo haufuati ratiba hiyo. Katika wiki ya 34 ubongo wa mtoto una takriban theluthi mbili tu ya uzito atakaokuwa nao akitimiza wiki 40. Theluthi nzima inajengwa katika wiki sita za mwisho, yaani kipindi kilekile ambacho mama anaambiwa kazi imekwisha. Uso wa ubongo, ambao wiki ya 24 bado ni laini kwa sehemu kubwa, unajikunja, na chembe zake zinaunganishwa kwa kasi kubwa. Pombe ikiingia wakati huo huvuruga miunganisho hiyo, na kwa wanyama wa maabara waliopewa dozi kubwa katika hatua kama hiyo, chembe za ubongo zilikufa kwa wingi.

Hapa ndipo ushahidi wa shangazi unapopotoka. Anasema, "Mimi nilikunywa na wanangu wote wazima." Alama za usoni ambazo daktari huziangalia (macho madogo, mdomo wa juu mwembamba, kifereji cha chini ya pua kilichofutika) hutokana na pombe ya miezi ya mwanzo. Aliyekunywa miezi ya mwisho tu anaweza kuzaa mtoto mwenye sura nzuri kabisa. Tatizo, likiwepo, huonekana darasa la pili au la tatu: mtoto anafundishwa hesabu leo, kesho hakumbuki, hawezi kutulia, anarudia kosa lilelile aliloadhibiwa jana. Nyumbani anaitwa mtundu au mzito wa kichwa, anachapwa, na hakuna anayeikumbuka ile mimba.

Tueleze njia inayopita. Wengi wanadhani kondo la nyuma ni chujio linalozuia vibaya na kupitisha vizuri. Kwa pombe halizuii chochote. Pombe huchanganyika na maji na hupita kwa urahisi, na ndani ya takriban saa moja kiwango kilichomo katika damu ya mtoto hukaribia kile cha mama. Tofauti ni kwamba ini la mtoto bado ni changa, halina nguvu ya kuivunja. Anasubiri mama aivunje kwanza ndipo yake irudi kupitia kitovu. Wakati huohuo anakojoa katika maji ya uzazi na kuyameza tena, kwa hiyo pombe hubaki ikimzunguka hata baada ya mama kuhisi yuko sawa.

Sasa hiyo "kidogo". Shirika la Afya Duniani linahesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10 za pombe halisi. Hesabu yake ni nyepesi: chukua mililita za chombo, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa gramu 20. Mama anaposema "nilikunywa moja tu", amekunywa mbili. Glasi ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 12 ni gramu 14 na kitu. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 200 yenye asilimia 35 ni gramu 56, na ile haimaliziki kwa mkupuo mmoja, inanywewa kidogokidogo kwenye kikombe cha soda mpaka mtu anapoteza hesabu. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban gramu 7 au 8 kwa saa. Kwa bia ile moja, mtoto anakaa na pombe karibu saa tatu au zaidi.

Mbege haina lebo, na hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa siku kadhaa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe hutiwa kuipa uchungu. Ikiachwa, hamira iliyomo inaendelea kula sukari na kutengeneza pombe. Mbege ya siku ya kwanza na iliyolala siku mbili si kinywaji kimoja ingawa kata ni ileile. Ulimi hausaidii, maana ule uchungu ni wa msesewe, si wa pombe: mbege chungu inaweza kuwa hafifu na tamu ikawa kali. Tuseme imefika asilimia 4. Lita moja itakuwa na gramu 32, zaidi ya bia moja na nusu. Na nani anakunywa mbege chini ya lita kwenye sherehe? Pwani ni vivyo hivyo kwa tembo la mnazi: lililogemwa alfajiri ni tamu, jioni limeshageuka, na anayeuza hakubadilisha jina. Gongo hatutaijadili sana. Haina kipimo chochote, na ikiwa imechanganywa na methanoli mtu anaweza kupofuka au kufa, awe mjamzito au asiwe.

Je, kiasi kama hicho kinamfanya nini mtoto aliyekwisha kukomaa? Kuna jambo moja lililopimwa moja kwa moja. Mtoto tumboni hufanya mazoezi ya kupumua: kifua kinapanda na kushuka ingawa hakuna hewa. Watafiti wa miaka ya 1970 na 1980 waliwapa wanawake waliokaribia kujifungua kiasi kidogo cha vodka, kama kinywaji kimoja, wakawaangalia kwa ultrasaundi. Muda mfupi baadaye mazoezi hayo yalipungua sana, kwa wengine yakakaribia kukoma, na yalirejea polepole. Hatusemi kwamba mara moja hiyo inaharibu mapafu. Tunasema glasi moja inatosha kumfikia na kumtuliza kama dawa ya usingizi. Kwa mkunga hilo lina maana nyingine pia. Tunamwambia mama wa miezi minane asikilize mtoto anavyocheza, na akipunguza kucheza aje kituoni upesi bila kusubiri kesho, kwa sababu ni dalili ya mtoto aliyechoka. Aliyekunywa jioni hawezi kujua mtoto amenyamaza kwa pombe au kwa hatari.

Wazee wanaosema pombe "inatuliza tumbo" hawakulitoa hewani. Katika miaka ya 1960 na 1970 hospitali za Marekani na Ulaya zilikuwa zikiwatundikia mama waliopata uchungu kabla ya wakati dripu ya pombe, kwani pombe huzuia homoni ya oksitosini isitoke kwenye ubongo, na mikazo ya kizazi ikapungua. Iliachwa. Mama walilewa, walitapika, watoto walizaliwa wamelegea na wengine wakashindwa kupumua vizuri, na dawa bora zilipatikana. Kwa hiyo anayekunywa mwezi wa tisa ili "uchungu uje haraka" anafanya kinyume cha anachotaka. Na kwa kuwa kuanzia wiki ya 37 uchungu unaweza kuja usiku wowote, huenda akafika hospitali amelewa, anahitaji upasuaji wa dharura, tumbo limejaa. Akitapika akiwa chini ya usingizi, matapishi yakaingia kwenye mapafu, hapo ni maisha yake mwenyewe.

Oksitosini hiyohiyo ndiyo inayosukuma maziwa yatoke kwenye titi. Bia nyeusi anayopewa mzazi "ili maziwa yawe mengi" inachelewesha maziwa kutoka, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1991 ulionyesha watoto walinyonya kidogo zaidi baada ya mama kunywa pombe. Kuhusu kuongeza damu, chupa ya bia nyeusi ina madini ya chuma chini ya miligramu moja. Kidonge kimoja cha FEFO (madini ya chuma na asidi ya foliki) kinachotolewa bure kliniki kina takriban miligramu 60. Chupa sitini hazimfikii kidonge kimoja! Kinywe kila siku pamoja na maji ya limau au chungwa, saa moja au mbili mbali na chai, maana chai hufunga madini hayo yasiingie mwilini. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma tu. Kichefuchefu kikizidi, kimeze usiku baada ya kula.

Msomaji makini atauliza: mbona Uingereza waliwahi kuruhusu? Ni kweli. Mwongozo wao wa mwaka 2008 ulisema mama aepuke pombe miezi mitatu ya kwanza, na baada ya hapo, akiamua kunywa, asizidi yuniti 1 hadi 2, mara moja au mbili kwa wiki. Yuniti ya kwao ni gramu 8. Yuniti mbili ni gramu 16, yaani hata bia yetu moja haikuwemo katika ruhusa hiyo. Mwaka 2016 wakaifuta na kusema njia salama ni kutokunywa kabisa. Mwaka uliofuata watafiti wa Bristol walikusanya tafiti zilizohusu unywaji mdogo, wakakuta ni chache na dhaifu. Walichokiona ni dalili ya watoto kuzaliwa na uzito mdogo kuliko umri wao wa mimba. Hakuna aliyethibitisha kwamba glasi moja humdhuru kila mtoto, na tusingependa gazeti liwatishe mama kwa jambo ambalo halijathibitishwa. Ila hakuna aliyeweza kupata kipimo cha kusema "hapa ni salama", kwa sababu ini la mama mmoja si la mwingine, uzito wao si mmoja, na aliyeshiba si sawa na aliyekunywa na njaa.

Kwa hiyo kama umekunywa bia mbili kwenye kipaimara wiki iliyopita, usilie wala usifikirie mabaya. Acha leo. Ubongo unaoendelea kujengwa unanufaika na kila siku isiyo na pombe, hata ikiwa zimebaki wiki nne. Mwambie mkunga ulikunywa nini na kiasi gani, ili afuatilie kwa karibu ukuaji wa tumbo na uzito wako.

Lakini kuna mama mmoja ambaye hatumwambii aache leo. Ni yule ambaye akiamka mikono inatetemeka, anatokwa jasho, moyo unamwenda mbio, na hatulii mpaka anywe. Mwili wake umezoea. Akikata ghafla nyumbani anaweza kupata degedege katika siku mbili tatu za mwanzo, na degedege ya mjamzito ni hatari kwa wote wawili. Huyo aende hospitali akapunguziwe kwa dawa, chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi wanapungukiwa. Ndugu wasimfungie ndani wala kumtukana. Aibu ndiyo inayomfanya ajifiche mpaka siku ya kujifungua.

Anayekunywa ili apate usingizi atambue kwamba pombe humlaza mapema na kumwamsha saa nane usiku, na hulegeza mlango wa juu wa tumbo ili kiungulia kipande. Ale chakula cha jioni mapema na kidogo, alale ubavu, mto katikati ya magoti. Kwenye sherehe kuna togwa: uji wa ulezi au mahindi uliopoa ukabaki vuguvugu, unatiwa unga wa kimea, unakuwa mwepesi na mtamu. Anywe la siku hiyohiyo. Lililolala siku kadhaa limeanza safari ya mbege. Kuna juisi ya ukwaju, ya rozela, na madafu. Vinywaji vya kimea vya chupa visomwe lebo, vile vya asilimia 0.0.

Ombi letu la mwisho ni kwa wenzetu wa kliniki. Swali la "Unatumia pombe?" linajibiwa "hapana" na mama ambaye kwake mbege ni chakula na bia moja haihesabiki. Tuulize hivi: "Tangu Jumapili, mama, umekunywa nini? Kwenye chombo gani? Kilijaa mpaka wapi? Mara ngapi?" Tuwe na kata, glasi na chupa tupu mezani ili aonyeshe kwa kidole, tupige hesabu ya gramu mbele yake na kuiandika kwenye kadi. Na mume akiwa amemsindikiza aitwe ndani aione hesabu hiyo, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayelipia.

Wakunga wa kliniki ya wajawazito,
Moshi