Anga tupu si tupu, lakini etha haimo

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuchangie mjadala usiokwisha vijiweni na kwenye makundi ya simu: je, nafasi iliyo kati ya Dunia na Jua ni tupu kabisa, au imejaa etha, kitu kisichoonekana kinachodhaniwa kubeba mwanga, ambayo wanasayansi waliikubali kisha wakaificha? Wanaoitetea etha wana hoja nzito, kwamba wimbi haliwezi kusafiri pasipo kitu cha kulibeba. Wanaoipinga wengi hujibu kwa mkato kuwa "Einstein aliifuta". Jibu hilo halimridhishi mtu anayefikiri, na wala si la kweli. Etha ilitafutwa kwa chombo, tena kwa uangalifu mkubwa, ikakosekana.

Chanzo cha mjadala ni zebaki. Mwaka 1644 Evangelista Torricelli wa Italia alieleza jaribio ambalo bado ni zuri: bomba la kioo lenye urefu wa karibu mita moja, lililozibwa upande mmoja, linajazwa zebaki, linazibwa kwa kidole na kupinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki inashuka na kusimama kwenye kimo cha sm 76 hivi. Juu yake panabaki nafasi isiyo na hewa. Mwaka 1648 Blaise Pascal alimwomba shemeji yake apande na bomba kama hilo mlima Puy de Dôme huko Ufaransa, na kileleni zebaki ilikuwa chini zaidi kwa takriban sm 8, kwa kuwa huko juu hewa inayoisukuma ni kidogo. Basi ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, linawezekana. Baadaye Robert Boyle alining'iniza saa ya mlio ndani ya chupa ya kioo, akanyonya hewa kwa pampu, na mlio ukafifia. Saa yenyewe iliendelea kuonekana. Sauti inahitaji hewa, mwanga hauihitaji. Hapo ndipo etha ilipopewa kazi: kubeba mwanga mahali ambapo hewa haipo.

Halikuwa wazo la wajinga. Thomas Young alionyesha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba mwanga ukikutana na mwanga unaweza kuzaa giza, jambo ambalo ni mawimbi tu yanayoweza kulifanya. James Clerk Maxwell, aliyekokotoa kuwa mwanga ni wimbi la umeme na sumaku, aliiamini etha hadi alipofariki mwaka 1879. Tatizo lilikuwa sifa zake. Mtikisiko wa mwanga hukata njia unayopita, na mtikisiko wa namna hiyo hausafiri ndani ya gesi. Unataka kitu kigumu. Etha ilipaswa kuwa ngumu mno ili ibebe mwanga kwa km 300,000 kwa sekunde, na wakati huohuo iwe laini kiasi kwamba sayari zipite ndani yake miaka na miaka bila kupungua kasi.

Lakini kama etha imetulia angani, basi Dunia inayozunguka Jua kwa km 30 kwa sekunde lazima ipigwe na upepo wake, na upepo huo unapimika. Chukua mtumbwi unaokwenda km 5 kwa saa kwenye maji tuli, uupeleke kwenye mto wenye mkondo wa km 3 kwa saa. Kuvuka mita 400 hadi ng'ambo na kurudi, ukikata mkondo, kunachukua dakika 12. Kwenda mita 400 kufuata mkondo na kurudi kwa kuupinga kunachukua dakika 15: tatu za kushuka, kumi na mbili za kupanda. Umbali ni uleule, muda ni tofauti. Anayejua tofauti ya muda anaujua mkondo hata asipouona.

Albert Michelson na Edward Morley walifanya hesabu hiyohiyo kwa mwanga, mjini Cleveland, Marekani, mwaka 1887. Chombo chao kilijengwa juu ya bamba la jiwe la mchanga lenye mita 1.5 kila upande na unene wa sm 30. Bamba lilikaa juu ya boya la mbao lenye umbo la pete, na boya likaelea kwenye zebaki ndani ya hori la chuma. Zebaki ilimeza mitetemo ya ardhi, na pia iliruhusu jiwe zito lizungushwe polepole bila kusimamishwa. Michelson alikuwa ameshaonja adha ya mitetemo. Kwa chombo chake cha kwanza, mwaka 1881, alilazimika kuhama Berlin kwenda Potsdam kwa sababu ya misukosuko ya mji, na hata huko hatua za mtu anayetembea umbali wa mita 100 zilitosha kuifuta picha.

Mwanga uliangukia kioo kilichopakwa fedha nyembamba, nusu ukapita na nusu ukakatizwa kwa pembe mraba. Kila nusu ilirushwa huku na huku kati ya vioo, vinne kwenye kila kona ya jiwe, hadi urefu wa njia ya kwenda ukafika mita 11, kisha ikarudi. Nusu hizo mbili zilipokutana kwenye darubini zilichora mistari ya mwanga na giza. Nusu moja ikichelewa kwa urefu wa wimbi moja tu, mistari yote inasogea nafasi ya mstari mmoja. Kasi ya Dunia ukiigawa kwa kasi ya mwanga unapata 1 kwa 10,000, na katika hesabu hii uwiano huo unazidishwa kwa wenyewe, unakuwa 1 kwa milioni 100. Mita 11 ni takriban mawimbi milioni 20 ya mwanga wa njano, kwa hiyo ucheleweshaji ni wimbi 0.2. Jiwe likizungushwa robo duara, njia iliyokuwa ikipingana na upepo inageuka kuwa ndiyo inayoukata, na mistari inapaswa kusogea 0.4.

Walifunika chombo kwa kasha la mbao kuzuia mikondo ya hewa na joto la ghafla. Walitembea wakilizunguka jiwe, mzunguko mmoja kwa dakika 6 hivi, wakisoma mistari kwenye alama 16, mchana na jioni. Chombo kilichoweza kuona msogeo wa sehemu ya mia ya mstari hakikuona 0.4 iliyotarajiwa. Msogeo ulikuwa hakika chini ya 0.02, na yaelekea chini ya 0.01.

Watetezi wa etha hawakukaa kimya, na walikuwa na haki ya kujitetea. Wako waliosema Dunia huiburuta etha pamoja nayo, ndiyo maana upepo hausikiki. Hilo lilikuwa limeshazibiwa njia na James Bradley katika miaka ya 1720: nyota huonekana zimeinama kwa sekunde 20.5 za pembe (sekunde moja ya pembe ni sehemu ya 3,600 ya digrii) kuelekea tunakokwenda, na mwinamo huo usingekuwepo kama etha ingeburutwa yote. George FitzGerald mwaka 1889 na Hendrik Lorentz mwaka 1892 wakasema vitu husinyaa kuelekea upande wa mwendo, kiasi cha kuficha tofauti. Kusinyaa peke yake kusingeweza kuficha upepo kwenye chombo chenye mikono miwili, yaani njia mbili za mwanga, isiyolingana urefu. Roy Kennedy na Edward Thorndike walikitumia chombo cha aina hiyo na kutoa majibu mwaka 1932. Hawakuona kitu.

Jina linalotajwa sana siku hizi mitandaoni ni Dayton Miller, aliyetangaza katika miaka ya 1920, baada ya vipimo vingi vya mlimani Mount Wilson, kuwa ameona upepo wa karibu km 10 kwa sekunde. Wanaomtaja hawaendelei na habari yenyewe. Mwaka 1955 Robert Shankland na wenzake waliyapitia madaftari yake na kuonyesha kuwa dalili ile inaelezwa na tofauti za joto ndani ya kibanda cha kipimo pamoja na makosa ya kawaida ya usomaji. Majaribio yaliyofanywa Ujerumani mwaka 2009 kwa leza na matundu ya kioo, ambamo mwanga hurushwa huku na huku, yaliyokaa pembe mraba yalifikia usahihi wa sehemu 1 katika 1 yenye sifuri 17. Upepo haupo.

Einstein, basi, alisema nini? Mwaka 1905 alisema etha ya kubeba mwanga haihitajiki. Mwaka 1920, katika hotuba yake Leiden, Uholanzi, alisema kuwa kwa nadharia yake ya mvutano nafasi ina sifa zake na mtu anaweza kuiita etha akipenda. Hapo ndipo wengi wanapoishia kunukuu. Katika hotuba hiyohiyo aliweka sharti: etha hiyo haina sehemu zinazoweza kufuatwa katika mwendo, na wazo la kwenda au kutulia haliihusu. Kitu kisichoweza kuwa na upepo si kile alichokitafuta Michelson.

Sasa, je, nafasi ni tupu? Hapana, na vitabu vinavyofundisha kuwa ombwe ni "mahali pasipo na kitu chochote" vinapaswa kurekebishwa. Karibu na Dunia upepo wa Jua, yaani chembe zinazotoka kwenye Jua, una protoni chache kwa kila sentimita ya ujazo. Kati ya nyota kuna wastani wa atomu moja hivi kwa ujazo huohuo. Hata kati ya galaksi pana gesi, na ushahidi wa mapema ulitoka jirani na hapa: setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikagundua eksirei zinazotoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi iliyotanda katikati ya makundi ya galaksi. Kila sentimita ya ujazo ya anga ina pia fotoni (chembe za mwanga) 411 za mwanga uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, wenye joto la nyuzi 2.7 juu ya sifuri halisi. Tunasafiri kwa km 370 hivi kwa sekunde tukilinganisha na mwanga huo. Wapo wanaodai kuwa huo ndio upepo wa etha. Sio: ni mwendo wetu dhidi ya mwanga fulani unaotoka nje, na ukifunga mlango wa maabara hakuna chombo kinachouhisi.

Ondoa gesi yote na fotoni zote, bado uga wa umeme na sumaku unabaki, yaani hali ya nafasi yenyewe inayoweza kusukuma chaji na sumaku. Mwanga ni mtikisiko wa uga huo, na hilo ndilo jibu la wanaouliza ni kitu gani kinachotikisika. Uga huo hautulii kabisa hata ukiwa kwenye nishati yake ya chini. Mwaka 1948 Hendrik Casimir alikokotoa kuwa mabamba mawili ya chuma yasiyo na chaji, yakikaribiana mno ndani ya ombwe, yatavutana. Yakiwa umbali wa sehemu moja ya elfu ya milimita, mvutano ni paskali (kipimo cha shinikizo) 0.0013. Steve Lamoreaux aliupima mwaka 1997 na kukubaliana na hesabu kwa takriban asilimia 5.

Hapa tunawaonya wasomaji juu ya mashine zinazotangazwa kuwa zinavuna "nishati ya bure ya etha". Mabamba ya Casimir yakishagusana, kuyatenganisha kunakula kazi ileile uliyoipata. Uga ulio kwenye nishati ya chini kabisa hauna pa kushuka zaidi, kwa hiyo haukamuliki. Na ile nishati inayopanua ulimwengu, ambayo wauzaji hupenda kuitaja, ni jouli 0.6 tu kwa kilomita nzima ya ujazo. Ungeweza kuikusanya yote, usingepata zaidi ya kuinua pakiti ya unga ya kilo moja kwa sm 6. Anayeuza mashine hiyo anauza betri iliyofichwa au anauza maneno.

Shule inayotaka kuiona kanuni ya Michelson haihitaji fedha nyingi. Weka bamba la zege au jiwe la kaunta juu ya tyubu ya gari iliyojazwa upepo nusu. Tumia tochi nyekundu ya leza iliyobanwa imara, kioo cha kugawa mwanga, vioo viwili vilivyopakwa upande wa mbele, na lenzi fupi ya kupanua picha ukutani. Kioo cha kawaida cha kujitazamia hakifai, kwa kuwa kinarudisha mwanga mara mbili, mbele na nyuma, na mistari inachanganyikana. Mikono ilingane urefu ndani ya milimita chache, kwani mawimbi ya leza ya bei nafuu hayaendani kwa umbali mrefu. Acha leza iwake kwa dakika kumi kabla ya kusoma, la sivyo mistari itarukaruka inapopata joto. Picha itazamwe ukutani. Mtu asiweke jicho kwenye njia ya leza.

Kwa mikono ya sm 20, upepo wa etha ungesogeza mistari kwa 0.006 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Lakini hewa ya mkono mmoja ikipata joto la nyuzi moja zaidi ya mwingine, mistari husogea kama 0.6, yaani mara mia. Mwanafunzi akikisogeza kiganja chake chini ya mkono mmoja wa chombo ataona mistari ikitiririka. Atakayekuja na madai kuwa chombo chake kimeuona upepo wa etha, aulizwe kwanza alilizuiaje joto.

Walimu wawili wa fizikia,
Morogoro