Kabla hujalipia safari ya Paje, uliza upepo na maji

Ikikaribia Pasaka, simu za ofisi yetu ya safari hapa Moshi hubadilika. Wanaopiga si wageni wa mlimani tena, ni wenyeji: mama wa Majengo anayetaka kuwapeleka watoto baharini, vijana wa Soweto waliochangishana, wachumba wanaotafuta fungate. Wengi wameona video za Paje, zile tiara za rangi zilizotanda angani na watu wanaoruka juu ya maji, na swali lao la kwanza ni bei. Bei tutakupa. Ila kama unakwenda Paje kwa ajili ya mchezo ule, tuanze na tarehe.

Paje ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, kusini mashariki mwa Unguja, kama saa moja na kitu kwa gari kutoka mjini. Tangu miaka ya 2000 mchezo wa kaiti, yaani kuteleza majini kwa ubao huku ukivutwa na tiara, umekikuza hadi kimekuwa mji mdogo. Shule za kaiti zimepangana ufukweni, nyumba za wageni zimesogeleana, na baadhi ya vijana waliozaliwa palepale wakiwatazama wageni wakirushwa na upepo leo ndio walimu. Upepo ukivuma, ufukwe wote unachangamka. Ukilala, walimu wanakaa kivulini wanaziba tiara zilizopasuka na kunyoosha kamba.

Wengi hutuambia wanataka "kwenda kucheza na mawimbi". Mawimbi makubwa pale ufukweni hayapo. Mwamba wa matumbawe uko mbali, unayapokea mawimbi ya Bahari ya Hindi na kuyavunja hukohuko, na ndani panabaki maji ya kina kifupi yenye mchanga mweupe chini. Hapo ndipo Paje ilipopata bahati yake, kwa sababu anayejifunza akianguka anasimama tu, maji kiunoni. Upepo nao hutoka baharini kwa mshazari, hivyo ukishindwa kuumudu unakusukuma nchi kavu. Mawimbi ya kuteleza kwa ubao bila tiara yapo nje kwenye mwamba, yanafikiwa kwa boti, na mtu asiye na uzoefu hatumshauri kabisa: matumbawe yako chini kidogo tu ya maji na yanachana.

Sasa tarehe. Kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba, upepo ulioshika na hewa yenye ubaridi kidogo. Kaskazi huja katikati ya Desemba hadi kama mwisho wa Februari, joto likiwa kali. Likizo za shule za Juni na Desemba zinaangukia humo, na hilo ni jambo jema kwa familia. Pasaka mara nyingi haimo. Machi hadi Mei upepo unageuka, leo upo kesho haupo, na masika inamwaga. Novemba nayo ina vuli. Hoteli zinashusha bei miezi hiyo kwa sababu hiyohiyo, na anayetaka kupumzika tu, kula samaki na kulala, anaweza kufaidi sana. Anayetaka kaiti atalia. Sisi watu wa Moshi hatumpandishi mtu Kilimanjaro katikati ya masika bila kumwambia atakutana na nini. Kwa nini tumpeleke baharini kimyakimya?

Familia moja ilitujia baada ya kuuziwa na wakala mwingine safari ya Aprili iliyoandikwa "pamoja na mafunzo ya kaiti". Wakasubiri upepo hadi siku ya kuondoka. Mafunzo hayakufanyika na pesa haikurudi. Kwa hiyo popote utakaponunua, kwetu au kwingine, uliza hili na ujibiwe kwa maandishi: saa za mafunzo zisizotumika kwa kukosa upepo zinarudishwa, au zimekwenda?

Jambo la pili ni maji, na hapa ndipo sisi watu wa bara tunapokamatwa. Bahari ya Paje hupwa hasa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4, na kwa kuwa ufukwe ni tambarare, maji yanarudi nyuma mamia ya mita. Siku hizo hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, na kukauka karibu saa nne asubuhi. Mtu amelipia chumba kinachotazama bahari, amekunywa chai bila haraka, anatoka na taulo begani: mbele yake ni mchanga, vidimbwi, na ngalawa zimelala ubavu. Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyemwambia.

Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Baada ya wiki hivi yanaingia maji mafu: yanajaa asubuhi na hayakimbii mbali yanapotoka. Mama mwenye watoto wadogo wanaoamka wakidai kuogelea tunampangia siku hizo. Mwanafunzi wa kaiti hana shida kubwa na maji kutoka, anatembea tu kuyafuata. Shida yake ni bamvua likijaa kabisa, pale mchanga wa kurushia tiara unapobaki ukanda mwembamba na walimu wanapomwambia asubiri. Saa za maji zinajulikana miezi mingi kabla. Zikiwa mezani, kupanga siku ni kazi ya dakika chache.

Na maji yakitoka, tafadhali usirudi kulala. Hapo ndipo utakapoona Paje iliyokuwepo kabla ya kaiti. Kina mama wanashuka na magunia kwenye mashamba ya mwani, safu za vigingi vilivyofungwa kamba, na kwenye kamba vishada vya mwani vimefungwa kimoja kimoja. Kilimo hiki kilianza hapa mwishoni mwa miaka ya 1980, na kimewapa wanawake wengi wa pwani hii pesa yao wenyewe mkononi. Leo kina taabu. Maji ya kina kifupi yanapata joto na mwani unaoza, hasa ule wa bei nzuri, na baadhi ya mashamba yako palepale wanapotaka kupita wenye tiara. Kamba ya shamba ikikatwa, kazi ya wiki kadhaa inaelea. Vigingi navyo vinaweza kukutoboa. Wateja wetu tunawaomba wazi: msikatize shambani, msimpige mtu picha akiwa ameinama kazini bila kumwamkia na kumwomba. Ukitaka kumuunga mkono, nunua sabuni ya mwani inayotengenezwa palepale kijijini.

Kuhusu mafunzo yenyewe, usitegemee kupanda ubao siku ya kwanza. Unaanzia mchangani na tiara ndogo. Mwalimu anakuchorea saa ya ukutani angani: juu ya kichwa ni saa sita, usawa wa bahari kulia kwako ni saa tisa, kushoto ni saa tatu, na katikati ndipo nguvu ilipo. Unajifunza kuiweka tiara saa sita na kuituliza. Kamba za tiara kubwa hupita mita 20, kwa hiyo kosa dogo la mkono huku chini ni mruko mkubwa kule juu. Kisha unaingia majini na kuburutwa bila ubao, unakunywa maji ya chumvi kiasi, na ubao unafuata baadaye. Kwa kawaida ni saa 9 hadi 12 za mafunzo, zikigawanywa siku 3 au 4. Ndiyo maana hatuuzi kaiti ya wikiendi. Chini ya usiku 5 hupati nafasi hata ya siku moja ya upepo kugoma.

Njia inajulikana. Basi la Moshi hadi Dar linakula siku nzima, unalala, asubuhi boti ya kama saa mbili. Ndege za kutoka KIA huchukua takriban saa moja angani. Bandarini utaulizwa kitambulisho, na nauli ya raia si sawa na ya mgeni, kwa hiyo NIDA isibaki nyumbani. Daladala za Jambiani na Bwejuu hupita Paje kwa anayebana matumizi.

Beba viatu vya kuingilia majini, maana kwenye mawe kuna viumbe vyenye miiba mirefu myeusi. Beba pia kanga au suruali ya kuvalia kijijini. Nguo ya kuogelea mwisho wake ufukweni. Ukikatiza mitaani kwenda dukani, funika mabega na magoti. Ramadhani ikiangukia wakati wa Kaskazi safari inaendelea vizuri, ila kula na kunywa mchana kufanyike ndani ya hoteli.

Ukitupigia, tupe mambo matatu: tarehe zinazoweza kusogea kwa wiki moja mbele au nyuma, nani anaogelea na nani haogelei, na kama kuna mtu anataka kaiti kweli au anataka kuitazama tu akiwa na dafu. Tutakutumia kwa WhatsApp saa za maji za siku zako zote kabla hujalipa hata shilingi. Ukiziona hazikufai, tunabadilisha tarehe papo hapo, na malipo ya awali tunayapokea baada ya hapo.