Barua ya kuacha kazi isubiri kwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Umenieleza kwamba barua ya kuacha kazi umeshaiandika na iko kwenye droo. Nakuomba iendelee kukaa humo. Sikukatazi kununua jengo la kupangisha. Ndiyo njia niliyoipita mimi, na nimefurahi sana kusikia unaitaka. Ila kipi kitangulie ni jambo zito. Benki itakapokupa mkopo wa kwanza italipima jengo, na wewe pia itakupima: slipi za mshahara, madeni, akiba. Ukiacha kazi leo ukaomba mkopo kesho, watakuona mtu asiye na kipato.

Umeuliza kama uanze na nyumba moja. Mimi nasema jengo. Mpangaji wa nyumba moja akihama, kodi yote imehama naye, na rejesho la mkopo halingoji. Kwenye jengo la nyumba 10, akihama mmoja zimebaki kodi 9. Lakini kilichonivuta zaidi ni jinsi bei inavyopatikana. Jengo la kupangisha hupimwa kwa kipato halisi cha mwaka, yaani kodi ukishatoa gharama za uendeshaji, kabla ya kulipa mkopo. Kama wanunuzi wanataka faida ya asilimia 8 ya bei kwa mwaka, kila 100 unayoongeza kwenye kipato hicho inaongeza 1,250 kwenye thamani. Kuziba bomba linalovuja tu kunaweza kukuongezea mali! Na hesabu hiyo inageuka vilevile: wanunuzi wakianza kudai asilimia 10, thamani inashuka hata kama ukuta hauna ufa.

Sasa hilo jengo la nyumba 12 unalotaka kununua. Karatasi ya dalali inahesabu kana kwamba nyumba zote zimejaa mwaka mzima na hakuna kinachoharibika. Omba mikataba ya wapangaji na taarifa za benki za miezi 12, kwa sababu kodi iliyoandikwa na kodi iliyolipwa ni vitu viwili. Kisha toa nyumba tupu, bima, ushuru wa jengo, akiba ya paa na mabomba, na ujira wa msimamizi hata kama utasimamia mwenyewe. Jengo la zamani linaweza kula nusu ya kodi zake. Kinachobaki kiwe walau mara 1.25 ya marejesho; wakopeshaji wengi hudai kiasi hicho, nami kwa mtu anayetaka kuacha mshahara ningedai zaidi. Uliza pia kama riba inabadilika.

Najua kazi imekuchosha, na inaniuma. Lakini pesa za mwanzo zitarudi kwenye jengo lenyewe, kwa rangi na mabomba, kwa hiyo mshahara ndio utakaolisha nyumba yako.

Nitumie ile karatasi ya dalali pamoja na masharti ya mkopo kabla hujasaini chochote. Nitaipitia mstari kwa mstari, kisha tuzungumze.

Rafiki yako wa siku zote