Kabla tupatane Dunga Jumamosi

Sasa wasee, mko aje? Jumamosi tunapatana Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu, saa mbili asubuhi tuokote takataka, kila mtu abebe maji yake kwa chupa ya kujaza tena, tafadhali msinunue maji njiani halafu mtuongezee takataka ya kuokota.

Mara ya mwisho nilitoa chupa ya soda kwa mafunjo, ndani kuna tope na kisamaki kimekufa, kiliingia kikashindwa kutoka, na hadi leo hiyo kitu haijanitoka kichwani. Hizo chupa ni zetu, tunatupa kwa mtaro huku hosteli, mvua ikinyesha inazisukuma mpaka ziwani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa Kenya Agosti 2017 lakini chupa bado tunanunua kila siku.

Kwa hivyo tuanzie kwa rum zetu. Maharagwe loweka usiku kucha, kesho yake yanaiva haraka na gesi inakaa. Ukienda kibandani kuchukua chapo madondo (chapati na maharagwe) beba kontena yako, mama hakatai, wangu huniongezea hata mchuzi. Taa na koili ya kupikia zimeni mkitoka, hiyo mnajua. Nguo, nunueni mitumba, soko ya Kibuye iko. Na nyinyi mnaomaliza mwaka huu, nawaomba sana msitupe ndoo, magodoro na vitabu, pigeni picha mweke hapa kwa grupu, fasti yia, wale wa mwaka wa kwanza, wanahangaika kutafuta hizo vitu.

Nani anakuja? Andika jina hapa chini, na kama huna glavu sema mapema nikutafutie.