Mwaka wa Sauti za Kati: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Poleni na joto hili la Desemba, na ahsanteni kwa kufika wengi kiasi cha kutulazimu kuazima viti kwa jirani.

Katiba ya chama chetu cha kusikiliza muziki inanitaka nieleze mwaka ulivyokwenda. Tulikutana mara 11. Mkutano wa Aprili haukufanyika: mvua ilinyesha tangu alfajiri, wanachama wa Mbagala na Bunju wakakwama njiani, na sisi wa karibu tukaona si haki kusikiliza peke yetu. Mambo ya fedha atayasoma mweka hazina nikimaliza.

Ninalotaka kulisema kwa kirefu ni uamuzi tuliofikia Januari. Miaka ya nyuma, jioni moja tulikuwa tukipiga vipande sita au saba. Tulirudi nyumbani na majina mengi ya watunzi, lakini muziki wenyewe ulikuwa umetupita. Safari hii tulikubaliana: kazi moja kwa jioni nzima, mwanzo hadi mwisho, simu zote kwenye kapu mlangoni. Baada ya chai, kazi ileile tena, kwa wapigaji wengine. Wapo waliopinga, na wawili hawakurudi. Milango iko wazi kwao. Hata hivyo, kwa niliyoyaona tangu wakati huo, siwezi kupendekeza turudi tulikotoka.

Februari tulianza na kwinteti ya nyuzi ya mtunzi Schubert, yaani kazi ya wapigaji watano, ile ya ufunguo wa C. Aliiandika mwaka 1828 akiwa na miaka 31, na Novemba 19 mwaka uleule akafariki. Hakuwahi kuisikia ikipigwa hadharani. Watu waliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 1850. Ina fidla mbili, viola moja (kama fidla, ila kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi) na chelo mbili (kubwa zaidi, zenye sauti ya chini). Sehemu ya pili inakwenda polepole mno, na mara ya kwanza wengi wetu tuliisikia kama ukungu mzuri tu. Tulipoirudia baada ya chai, mmoja wetu anayefundisha kwaya akaomba tusimamishe santuri. Akauliza, "Wimbo wenyewe anauimba nani?"

Tukasikiliza upya. Fidla ya kwanza iko juu, inatoa maneno mafupi mafupi kama mtu anayeitikia mazungumzo. Chelo ya pili iko chini, inadonoa nyuzi kwa kidole. Wimbo umeshikwa na watatu wa katikati: fidla ya pili, viola na chelo ya kwanza. Wanatembea pamoja, pumzi ndefu, bila haraka yoyote.

Wengi wetu tumetokea kwaya. Mimi nimeimba sauti ya pili tangu nikiwa sekondari, na kila aliyeimba sauti ya pili anaijua hali hii: waumini wanatoka kanisani wakiuimba wimbo mliowaimbia, lakini wanachokiimba ni sauti ya kwanza. Hakuna anayekwenda nyumbani akiimba ya pili. Jioni ile nilimsikia mtunzi aliyeyapa makao ya katikati wimbo mzima, akawaacha wa juu na wa chini wawapambe. Nililia, na sikuwa peke yangu. Baadaye nilisoma kwamba nyumbani kwao Schubert walikuwa na kwateti ya familia: baba kwenye chelo, kaka zake wawili kwenye fidla, na yeye mwenyewe kwenye viola. Aliyajua makao yale kwa kuyakalia.

Tangu siku hiyo tukawa tunaisaka viola kila mahali, na mwaka ukajipangia njia yake. Rekodi tuliyoipenda zaidi ya kwinteti hiyo ni ya kwateti ya Amadeus, wakiwa na William Pleeth kwenye chelo ya pili. Historia ya kwateti hiyo inastahili kukumbukwa hapa. Norbert Brainin, Siegmund Nissel na Peter Schidlof walikuwa vijana Wayahudi waliokimbia kutoka Vienna baada ya Wanazi kuitwaa Austria mwaka 1938. Walipofika Uingereza vita vikaanza, wakawekwa kizuizini kama raia wa nchi adui, na humo kambini ndimo walimofahamiana. Martin Lovett, Mwingereza mpiga chelo, alijiunga nao, na mwaka 1947 kwateti ikaanza. Schidlof alikuwa mpiga fidla; alihamia viola kwa sababu kwateti haisimami bila viola. Walidumu miaka 40, watu walewale wanne. Schidlof alipofariki mwaka 1987, watatu waliobaki hawakutafuta mwingine. Kwateti ikaishia hapo. Mpiga viola aliondoka, nyumba ikafungwa.

Niliyakumbuka hayo mwezi Juni, tulipomzika mwanachama wetu mkubwa kuliko wote kwa umri. Wote mnamkumbuka pale alipokuwa akikaa, karibu na dirisha, macho kayafumba, vidole vikihesabu mapigo kwenye goti. Aliimba sauti ya tatu zaidi ya nusu ya maisha yake. Familia yake ilituletea masanduku mawili ya santuri, na kwa niaba yenu nimewaandikia barua ya shukrani.

Ndani ya sanduku la kwanza tulikuta Missa Luba ya mwaka 1958, ile iliyoimbwa na wavulana na walimu wa shule ya Kamina, Kongo, chini ya padre Mbelgiji Guido Haazen. Maneno ni Kilatini cha misa, lakini nyimbo zimejengwa juu ya uimbaji wa Waluba, na mengi yalipatikana kwa kuimba kwanza, nota zikafuata baadaye. Tuliisikiliza Julai pamoja na rekodi iliyotoka mwaka 1990 ya kwaya ya Muungano ya Kenya, iliyoongozwa na Boniface Mganga. Mjadala ulikuwa mkali na mzuri. Muungano wana sauti zilizokomaa, na kila neno linasikika. Wavulana wa Kamina wana kitu ambacho sijui kukieleza vizuri: sauti ya kiongozi inarushwa juu, kwaya inaipokea kabla haijagusa chini. Mwanachama wetu mzaliwa wa Lubumbashi alisema bibi yake aliitikia hivyohivyo msibani. Kama mnataka maoni yangu, nikiambiwa nichague moja nitachukua ya Kamina, mikwaruzo ya santuri na yote.

Agosti, 9 kati yetu tulivuka kwenda Unguja kusikiliza taarabu. Kuna walionong'ona kwamba hiyo si kazi ya chama hiki. Ni kazi yake kabisa. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905, na fidla zimekuwa zikilia visiwani humo muda mrefu kabla yetu kuzaliwa. Aliyesikiliza kwateti mwaka mzima anasikia tofauti papo hapo: katika taarabu fidla, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani) na akodiani vinaufuata wimbo mmoja, kila chombo kikiuremba kwa namna yake, katika kwateti kila chombo kina njia yake, na uzuri unatokea njia zinapokutana. Mwenyeji wetu, mpiga fidla wa siku nyingi, alisikilizishwa Schubert kutoka kwenye simu yetu. Alisikiliza kimya hadi mwisho, kisha akaomba irudiwe.

Novemba ilikuwa na shida yake. Tulikuwa tumealika vijana wanne wanaojifunza kupiga kwateti, na ukumbi tulioahidiwa tukanyimwa zikiwa zimebaki siku tatu. Sitarudia maneno yaliyosemwa. Tuliwakaribisha vijana kibarazani hapa Upanga, na nasema kwa moyo wote kwamba ilikuwa heri. Kwateti hazikuandikwa kwa ajili ya kumbi kubwa. Zilikuwa muziki wa sebuleni, wa watu wanaotazamana usoni. Vijana walipiga kwateti ya Mozart ya Januari 1785, mojawapo ya zile sita alizomtunuku mtunzi mwenzake Haydn. Inaanza na chelo peke yake, ikirudiarudia noti moja ya chini. Viola inaingia, kisha fidla ya pili, na fidla ya kwanza inapofika inagongana na viola kiasi kwamba mwanachama mmoja alinishika mkono akidhani vijana wamekosea. Hawakukosea. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, nikamwona binti wa viola akivuta pumzi kabla ya kuingia. Hilo hakuna santuri inayolionyesha. Watoto wa jirani walisikiliza wakiwa wamekaa juu ya ukuta, na hakuna aliyewanyamazisha, maana hawakupiga kelele.

Vifaa: sindano ya mashine ya santuri imechakaa na inaanza kuzila santuri za marehemu. Naomba mkutano uidhinishe kununua mpya kabla ya jambo lingine lolote. Umeme ulikatika katikati ya muziki mara mbili, na betri ya akiba ni ombi langu la pili. Wanachama waliotuchukulia chai na vitafunio mwaka mzima tunawashukuru sana, hasa wale wa vitumbua.

Mkutano wa kwanza wa mwaka ujao ni Jumamosi ya pili ya Januari, saa kumi jioni, hapahapa. Wale vijana wanne wamekubali kurudi. Watapiga kwateti ya Haydn, Opus 20 namba 2 (yaani ya pili katika mkusanyiko wake wa 20), ya mwaka 1772. Chelo ndiyo inayoanza kuimba, viola ikiwa chini yake, na fidla ya kwanza inasubiri zamu. Njooni mapema, mkae karibu na viola.