Jumapili hii: Dave Holland na wenzake wanne

Habari za jioni wanakikundi. Jumapili saa mbili usiku tunasikiliza bendi ya jazi ya Dave Holland, yule mpiga besi Mwingereza aliyechukuliwa na mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1968. Rekodi ni "Extended Play", waliyoipiga jukwaani Birdland, klabu ya jazi ya New York, 2001. Ni diski mbili ndefu. Tutasikiliza ya kwanza tu, la sivyo Jumatatu kazini hatufiki. Kila mtu aiandae mapema.

Hamtasikia piano. Steve Nelson anagonga vibrafoni, ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa kwa vijiti, na mara nyingi anakaa kimya kabisa, kwa hiyo besi ndiyo inayoshika nyumba pamoja na dramu za Billy Kilson. Juu yao saksafoni ya Chris Potter na tromboni ya Robin Eubanks zinaingiliana kama ndugu wawili wanaogombea kumalizia hadithi moja. Mimi hapo ndipo huwa narudisha nyuma.

Holland anapenda kutunga kwa mizunguko ya mapigo matano au saba. Msihangaike kuhesabu, fuateni besi. Na tafadhali vaeni visikilizi, spika ya simu inaimeza besi yote.

Mambo ya michango niandikieni pembeni, si hapa.